Makofi ya Kwenye Kaseti

Mliniomba niandike namna ya kufunga spika, kwa sababu magoti yangu hayapandi ngazi tena na mitambo ya kanisa sasa iko mikononi mwenu. Nitaandika. Lakini sitaandika hilo peke yake, na mtanisamehe kama mengine hayatawapendeza.

Jumapili mliyonikatia keki ya kuniaga, nilipita nyuma ya viti vyenu nikawakuta mmeinamia simu moja. Ilikuwa video ya zamani, picha yake imefifia, na mtu ameitilia muziki wa siku hizi. Mwanamume mwenye kofia ya kijeshi anahutubia uwanja uliojaa, na kila akinyamaza makofi yanapasuka kama mvua kwenye bati. Joel, mjukuu wangu, ambaye Kiswahili anakielewa chote lakini hunijibu kwa Kiingereza, akasema jamaa huyu alijua kuongea, na nchi yetu ingekuwa na mtu kama yeye leo isingekuwa hivi ilivyo. Wengine mkaitikia. Mimi nikaenda kula keki yangu. Niliiacha nusu sahanini, na mke wa mchungaji akaniletea kiti akidhani ni uzee.

Yule mtu hakujua kuongea. Nasema hivyo kwa sababu nilimsikia kabla hatujamwekea spika.

Nchi yenyewe sitaitaja. Wenye umri wangu wanaijua, na ndugu zangu waliobaki kule bado wanapanga nyumba moja na watu wenye masikio marefu. Yeye nitamwita kama alivyotaka tumwite: Nguzo.

Nilipotoka shule ya ufundi nilipata kazi kwa Barnaba, aliyekuwa na duka la kukodisha mitambo ya sauti: harusi, misiba, mechi za mpira, mikutano ya injili. Barnaba alivaa tai hata akipanda mti kufunga honi, yaani zile spika za chuma zenye mdomo kama tarumbeta. Kupima maiki hakusema moja mbili tatu kama mnavyofanya ninyi. Alitaja mboga za mkewe, Yustina, aliyekuwa na meza sokoni: sombe, matembele, lengalenga, biringanya. Alisema ukihesabu namba mdomo unalala, ila mboga zina sauti zote, nene na nyembamba, na ukisikia "biringanya" vizuri kutoka mwisho wa uwanja basi hata mahubiri yatafika. Jaribuni. Mimi mpaka leo sijapata njia iliyo bora.

Mengine ya Barnaba yaandikeni ukutani mkitaka. Spika zikae mbele ya maiki, zisikae nyuma yake, la sivyo zitapiga yowe. Waya uzungushe kwa namna unavyotaka wenyewe kujikunja, usiulazimishe. Betri ya maiki badilisha hata kama mtu amekuapia kwamba ni mpya. Na usimwambie mteja kwamba sauti yake ni mbaya. Mwambie ukumbi ndio mbaya.

Nguzo alikuja dukani kwetu akiwa kanali tu. Wiki moja kabla yake alikuwa amejaribu kuhutubia soko kwa mdomo mtupu. Ulikuwa wakati mgumu, walimu hawalipwi, unga unapanda kila ukienda dukani, na watu walikuwa tayari kumsikiliza yeyote. Lakini alikuwa na sauti nyembamba ya puani, akikasirika inapanda juu zaidi, na mtu mmoja kati ya wachuuzi akalia kama mbuzi. Soko zima likacheka. Akashuka pale juu ya kreti akiwa amelowa jasho.

Barnaba alimpokea kama alivyopokea wachungaji na maharusi. Alimwambia soko ndilo baya. Alimpunguzia ule ukali wa juu, akamwongezea besi, akamfundisha kuisogeza maiki mdomoni na kusema polepole. Kisha akafanya jambo ambalo mjini kwetu halikuwa limefanywa: alifunga honi nyingine nyuma ya umati, ili sauti iwajie watu kutoka mbele na kutoka mgongoni. Shida ya mpango huo ni mwangwi. Ukisema neno la pili kabla la kwanza halijarudi, yote yanavurugika. Basi akamwambia Nguzo: "Afande, ukimaliza sentensi, nyamaza. Tazama mbali. Ngoja irudi."

Yale mapumziko mnayoyasifu kwenye video, pale anapoinua kidevu na kutazama mbali mkasema anafikiri mambo makubwa, hakuwa anafikiri. Alikuwa anangoja mwangwi uishe.

Mara ya kwanza alisema habari za walimu na barabara. Nilipiga makofi, na Barnaba alipiga makofi, na mama yangu aliyekuwa kwenye umati alilia. Mara ya pili alisema tumeibiwa. Mara ya tatu alisema ni nani wametuibia: watu wa ng'ambo.

Watu wa ng'ambo walikuwa wale ambao babu zao walivuka mto kuja upande wetu. Waliuza vitu sokoni, walifundisha, walizika na sisi, na tofauti yao ilikuwa matamshi ya maneno machache tu. Yustina, mke wa Barnaba, alikuwa mmoja wao.

Barnaba aliwapelekea watu wa Nguzo ujumbe watafute fundi mwingine. Kesho yake vijana wawili wenye mashati ya kijivu waliingia dukani, wakakaa kwenye benchi letu, wakanywa soda kutwa nzima bila kusema neno. Siku iliyofuata walirudi. Baada ya hapo meza ya Yustina sokoni ilipinduliwa, mboga zikakanyagwa, na hakuna jirani aliyesema ameona. Barnaba akafunga tai yake, akarudi kazini. Nilimfuata, kwa sababu alikuwa bosi wangu na kwa sababu niliogopa.

Vitabu vitawaambia jinsi watu kama Nguzo wanavyopanda. Mimi niliona kwa macho na haikuwa na uchawi wowote. Asubuhi moja redio ilipiga bendi ya jeshi mpaka mchana, kisha ikasema bunge limepumzishwa. Vyama vikapumzishwa. Magazeti yakapumzishwa. Neno lilikuwa hilo, kana kwamba ni wagonjwa. Watoto wa shule wakashonewa mashati ya kijivu, wakafundishwa kugonga kifua kwa ngumi na kunyoosha mkono mbele. Watu wa ng'ambo wakakatazwa soko, halafu wakakatazwa shule, halafu malori yakaanza kuwapeleka mtoni. Waliotusimulia yaliyofanyika mtoni walisimulia kwa kunong'ona, na sisi tulisikiliza tukiwa tumetazama chini. Yustina hakuguswa. Mumewe alikuwa ndiye anayeifanya sauti ya Nguzo iwe nene, na kwa sababu hiyo tu mlango wao haukugongwa.

Sasa nije kwa Evaristi, kwa maana mnamjua.

Evaristi alikuwa mwalimu wa kwaya kabla hajawa mhamasishaji wa Nguzo. Alikuwa mtu mtanashati, mwenye meno meupe, na kazi yake ilikuwa kuupasha umati moto. Yeye huita "Nguzo!" na watu hujibu "Imesimama!" huku ngumi zinagonga kifua. Alijua kuwapandisha watu kidogo kidogo, kama anavyopandisha waimbaji. Lakini miaka ilivyokwenda umati ulichoka. Watu wanaoletwa uwanjani kwa lori, na njaa tumboni, hupiga makofi ya kutimiza wajibu tu, kila mmoja akingoja mwenzake aache kwanza. Nguzo aliona, akaanza kuuliza maswali. Evaristi akaja na wazo. Tulikuwa na kaseti ya mkutano mmoja wa zamani, wakati watu walipokuwa bado wanampenda. Akasema tutoe makofi yale, tuyapige kwenye honi za nyuma, yachanganyike na ya watu.

Alama yake ilikuwa leso nyeupe. Evaristi akiinua leso, Barnaba anabonyeza kitufe.

Na ilifanya kazi. Watu wakisikia makofi mengi nyuma yao, nao huongeza. Kwenye video ile ya simu yenu, nilipokuwa nimesimama nyuma yenu, niliyatambua. Sikilizeni vizuri kwa spika za masikioni: katikati ya makofi kuna mtu anapiga chafya. Tazameni video ya mkutano mwingine wa Nguzo, mwaka mwingine, mji mwingine. Chafya ni ile ile. Barnaba na mimi tulimpa jina, tukimwita Mheshimiwa Chafya, mwananchi pekee aliyehudhuria mikutano yote. Tulicheka sana habari za Mheshimiwa Chafya, ndani ya gari, madirisha yamefungwa.

Halafu mama yake Nguzo akafa.

Uwanja ulijazwa kwa ajili ya kumlilia. Mimi nilikuwa upande wa jenereta, juani, ambapo niliwaona vizuri watu wa jukwaani. Ilikuwa siku ya joto kali. Nguzo akaikaribia maiki, akasema kwa ile sauti tuliyomtengenezea: "Wananchi, mama yangu mzazi amefariki." Akanyamaza, akatazama mbali, akingoja mwangwi. Evaristi, jasho likimtiririka machoni, akachomoa leso nyeupe akaipeleka usoni.

Barnaba akabonyeza.

Makofi yakalipuka uwanja mzima. Vigelegele. Mheshimiwa Chafya akapiga chafya. Nguzo akabaki amesimama na mdomo wazi, taifa lake linashangilia kifo cha mama yake, na Barnaba akawa anapapasa mashine aizime. Zilikuwa sekunde chache. Walinzi walimshusha Barnaba pale kwenye meza ya mitambo wakiwa wameshika ile tai.

Evaristi alisema hakuinua leso. Alisema Barnaba alifanya makusudi, kwa kuwa mkewe ni mtu wa ng'ambo, na mwanamke huyo ndiye aliyemtuma.

Walituhoji sote. Nilisema nilichoona. Nataka mlijue hilo, kwa sababu kuna watu hufikiri kwamba ukweli ukisemwa mambo hugeuka. Ofisa akaniuliza, "Unamwita Mheshimiwa Evaristi mwongo?" Nikasema, "Namwita mtu aliyeshika leso." Akanipiga kofi la sikio kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe, na tangu siku ile sikio langu la kushoto husikia kama liko chini ya maji. Mkiniona nageuza kichwa nikipima spika, sababu ni hiyo. Barnaba hakurudi. Hakuna aliyetuonyesha mwili wala kaburi. Mama yangu alimvika Yustina nguo zake mwenyewe, akamfundisha kutamka yale maneno machache kama sisi, na siku ya gulio akampitisha kati ya watu, binti yake mchanga mgongoni, mpaka kivukoni. Akavuka.

Mimi walinirudisha kazini kabla uvimbe haujashuka. Hakukuwa na mtu mwingine aliyejua waya gani unakwenda wapi.

Kuanguka kwake kulikuwa kwa aibu kuliko mnavyodhani. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, wanajeshi wake wanavua sare na kurudi kwao kwa miguu, na yeye akaita uwanja ujae mara moja zaidi. Malori yakaleta watu. Evaristi akaita "Nguzo!" na watu wakajibu kama wanaokohoa. Nguzo akaja mbele, akauliza, "Mko pamoja nami?" Akanyamaza. Akatazama mbali.

Hakuna aliyejibu. Hata wale wa mashati ya kijivu waliangalia viatu vyao.

Safari hii Evaristi aliinua leso kwa kukusudia, akaipunga, akinitazama mimi. Nikabonyeza kama nilivyoagizwa. Honi zikamwaga makofi ya maelfu ya watu juu ya watu waliosimama mikono imefumbatwa, midomo imefungwa. Nguzo akatazama mikono yao. Akainua macho akatazama honi. Sidhani kama alikuwa amewahi kuambiwa habari ya kaseti. Nadhani mpaka siku ile aliamini. Akamgeukia Evaristi, halafu akaisukuma maiki pembeni na kuanza kuwafokea watu kwa mdomo mtupu, na ile sauti nyembamba ya puani ikatoka, ile ile ya sokoni. Mama mmoja mwenye mtoto akaanza kucheka. Akijizuia, kicheko kinazidi. Wa karibu naye wakacheka. Kikaenda kama moto wa majani mpaka nyuma kabisa, bila honi.

Mnangoja niseme watu walimkamata. Aliondoka kwa ndege na familia yake. Aliishi ugenini miaka mingi kwenye nyumba yenye bustani, akafa kwenye kitanda safi, wauguzi wakimgeuza asipate vidonda. Hakuna aliyemketisha kwenye kiti na kumuuliza juu ya mtoni wala juu ya Barnaba. Na walioshinda vile vita nao walikuwa na orodha ya kisasi, na mimi, fundi wa Nguzo, sikuwa na la kujitetea mbele yao. Nikakimbilia kambi ya wakimbizi. Kwa miaka nilitengeneza vile vipaza sauti vya mkononi vinavyotumika kuita watu kwenye mgao, kisha ndege ikanileta hapa Sydney.

Hapa bosi wangu wa kwanza alikuwa Bwana Tam, Mvietinamu mwenye gari moja la mitambo na maneno machache. Kazi ya kwanza aliyoniachia peke yangu ilikuwa sherehe ya mtoto, ua wa nyuma wa nyumba moja kwenye kitongoji cha Liverpool. Nilifunga spika kama nilivyozoea, juu, zikitazama upeo wa macho. Nikapima: sombe, matembele, biringanya. Jirani wa kwanza akatoka na taulo. Wa pili akaita polisi. Bwana Tam akafika, akatazama spika zangu zilizofungwa juu ya paa la banda, akasema, "Gaspari, mtoto anatimiza mwaka mmoja. Hapindui serikali." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumweleza kwa nini.

Kwake nilijifunza mnayoyajua ninyi sasa: spika nyingi ndogo badala ya kubwa moja, mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, unayoiendesha kwa kidole kwenye kioo, maiki zisizo na waya. Nimewasikizisha Wasamoa, Walebanoni, Waserbia, harusi za Wahindi ambazo bwana harusi huingia juu ya farasi na farasi huogopa ngoma. Ilikuwa kazi njema. Ningeweza kufa nikiwa fundi wa harusi tu, na ningeshukuru.

Mama Yustina nilimkuta hapa hapa, kwenye ibada, mwaka wa pili. Alikuwa akisafisha nyumba ya wazee na kuishi Villawood na binti yake, yule aliyevukishwa mgongoni. Tulishikana mikono. Tangu hapo ananiita shemeji nami namwita shemeji.

Evaristi alikuja baadaye, akihama kutoka Brisbane kuja kuishi kwa binti yake. Nilimwona kwanza kwenye stesheni ya Liverpool, mvi safi, koti zuri. Akaniona, akapanua mikono. "Fundi! Kumbe uko hai!" Akanikumbatia mbele ya watu. Alinukia marashi. Akasema, "Tuliteseka, ndugu yangu." Tuliteseka! Treni yake ikaja ikaondoka naye.

Nilimwendea mwenyekiti wa jumuiya yetu, nikamweleza huyu ni nani. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Mzee Gaspari, kila aliyefika hapa ana ya kwake. Tukianza kufukua, tutabaki na nani? Ya kule tuyaache kule." Baada ya miezi michache Evaristi alikuwa amefanywa mzee wa jumuiya. Anaongea vizuri, anajua itifaki, watoto wanampenda. Na kwa siku yenu ya vijana kule Campbelltown, mkamchagua awe mgeni rasmi.

Mlikuwepo, lakini nitaisimulia kwa ajili ya waliokuwa nje wanacheza mpira. Nilikuwa nimekwisha kustaafu. Joel alinisihi nije, kwa kuwa ukumbi ule una kuta za matofali na mwangwi wake humla mtu. Mama Yustina alikaa mstari wa tatu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mgeni rasmi ni nani; alijua alipomwona anapanda. Nilimwona anakaza mkoba wake magotini.

Evaristi alianza na masomo na heshima kwa wazazi. Kisha akasema vijana wa leo hawana nidhamu, ila yeye aliona wakati ambapo vijana walikuwa na nidhamu, wanatembea mstari mmoja, nchi safi, hakuna aliyemwogopa mwizi. Akatabasamu. Akaita, kama anayetania: "Nguzo!"

Nanyi mkajibu. "Imesimama!" Mlikuwa mmejifunza kwenye simu. Ngumi zikagonga vifua, mikono ikanyooka, mkicheka, simu zimeinuliwa juu. Akaita tena kwa nguvu zaidi. Nanyi mkajibu kwa nguvu zaidi, na safari hiyo hamkucheka. Nisikilizeni hapo: mara ya pili hamkucheka.

Kidole changu kilikuwa juu ya sauti yake kwenye kioo. Ningeweza kumzima. Lakini Mama Yustina alikuwa amesimama, anakuja mbele, na niliona ni yeye anayestahili kusema. Nilichukua maiki ya pili, nikatoka nyuma ya mashine, nikamwekea mkononi.

Mwenyekiti akasema, "Mama, tafadhali, kuna zamu."

"Nimengoja zamu," akasema. Sauti yake ikajaza ukumbi, akaogopa kidogo, akaitoa maiki mdomoni, akairudisha. "Evaristi. Mimi ni mke wa Barnaba wa mitambo. Leso uliinua wewe. Sitaki uniambie kwa nini. Mume wangu mlimpeleka wapi?"

Evaristi akasema kwa upole, kama anayesema na mtoto, "Mama yangu, pole sana. Haya ni mambo ya zamani. Tuko Australia, tuwajenge watoto."

"Nimeuliza wapi."

"Walimchukua watu wa usalama. Mimi nilikuwa mtu mdogo."

"Na wewe hukuuliza wamempeleka wapi?"

Nilidhani labda atasema jambo. Akasema, "Sikuuliza."

"Kwa miaka yote hii?"

"Sikuuliza, mama."

Mama Yustina akanirudishia maiki kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima, akarudi kwenye kiti chake. Mwenyekiti akamshukuru mgeni rasmi kwa hotuba nzuri. Akapewa zawadi ya blanketi. Wengi wenu mlipiga makofi, sijui ya nini, labda kwa sababu wali ulikuwa unaletwa.

Kabla ya wiki kwisha video ilikuwa imezunguka mpaka Melbourne na kule nyumbani. Binti yake Mama Yustina alimwonyesha. Ilikuwa na Evaristi akiita na ukumbi ukijibu, muziki chini yake, mioyo myekundu ikipanda. Inaishia pale mnapogonga kifua mara ya pili. Aliitazama mpaka mwisho, akamwuliza binti yake, "Mimi niko wapi?"

Aliyeitengeneza ni Joel. Nilimketisha jikoni kwangu nikamwuliza mbona amemkata. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba sehemu ile ni ndefu, kwamba watu hawatafahamu ni habari gani, kwamba inaharibu. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa anakula mkate. Nikamweleza habari yote, kama nilivyowaeleza ninyi hapa, Barnaba na mboga na tai na yote. Akaacha kula. Akasema, "Pole, babu," kwa Kiswahili. Mikisa ile hurekodi kila inachosikia, kwa hiyo nilikuwa na sauti yote ya siku ile, safi, kila neno. Nikampa. Akasema ataitoa yote mtandaoni, na maneno ya Mama Yustina yakiwemo.

Hiyo ilikuwa kabla ya Pasaka. Kila Jumapili tukitoka ibadani Mama Yustina ananisubiri mlangoni.

"Yule mtoto ameitoa?"

"Bado, shemeji."

Anaitikia kwa kichwa, anaweka mkoba begani, anakwenda kushika treni ya Villawood.